Dakika 51 hadi Entebbe

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwake Kiseke, hapa Mwanza, anapepeta ulezi, ndege ya kutoka Dar ilipopita juu ya mabati ikiwa imeshashusha magurudumu. Hakuinua kichwa. Watu wa Kiseke ndege hawazitazami tena. Alirusha ungo mara mbili tatu, akapuliza makapi, kisha akasema:

"Baba, hebu nitazamie kwenye hiyo simu yako. Kutoka hapa mpaka Entebbe ndege inachukua muda gani?"

Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake, na nikishaitwa hivyo najua kuna kazi inakuja. Binti yake, ambaye kwangu ni dada, ameolewa Entebbe, Uganda, na alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kwanza. Wa kwenda kumkanda na kumpikia uji ni mama yake, basi. Ulezi wenyewe ulikuwa wa safari hiyo.

Nikaandika majina ya miji miwili. Jibu likaja papo hapo: kilomita 282, dakika 51.

"Hamsini na moja?" Akaweka ungo chini. "Mbona kutoka hapa mpaka Nyegezi kwa daladala, mvua ikinyesha, ni zaidi ya hapo. Nikatie hiyo ya Jumamosi."

Nikaingia kumkatia ya Jumamosi.

Haikuwepo. Wala ya Jumapili, wala ya wiki iliyofuata.

## Uende Dar ndipo urudi

Kila tarehe niliyojaribu ilinipa safari ileile: Mwanza hadi Dar es Salaam, kusubiri, Dar es Salaam hadi Entebbe. Kilichobadilika ni bei na urefu wa kusubiri. Mojawapo ilimtaka shangazi alale Dar, mji ambao hana ugomvi nao ila hana mtu wa kumpokea.

Mtu wa Kanda ya Ziwa akisoma hapa hashangai. Tumezoea. Mimi pia nilikuwa nimezoea, mpaka nilipochukua kalamu.

Mwanza hadi Dar kwa mstari wa angani ni kama kilomita 850, unaelekea kusini mashariki. Dar hadi Entebbe ni kama 1,075, unarudi kaskazini magharibi. Jumla inapita 1,900. Maana yake unaruka karibu mara saba ya umbali wenyewe, na sehemu kubwa ya hizo kilomita ni za kufuta ulizokwisha kuruka. Chora mstari wa Dar na Entebbe kwenye ramani uone: unapita juu ya Serengeti, mashariki ya Mwanza kwa kilomita kama mia mbili. Aliyeondoka Mwanza asubuhi anaipita Mwanza tena jioni, akiwa dirishani, anakwenda alikokuwa anakwenda tangu mwanzo.

Kupitia Nairobi ramani inakuwa na huruma kidogo. Kama 460 kwenda, kama 520 kutoka, jumla kwenye 980. Bado ni mara tatu na nusu. Na ndege ya Mwanza na Nairobi imekuwa na tabia ya kuja na kuondoka. Leo ipo, msimu ujao unaambiwa imesimama kidogo.

Nilimwambia shangazi bei. Akauliza kama hiyo bei ni ya kununua ndege au ya kupanda.

## 51 inatoka wapi

Mambo mengine yakapita, hiyo namba ikabaki kichwani. Wiki zikaenda. Kila ndege ikipita natazama saa. Dakika 51 za nani? Rubani gani aliziruka akarudi kutuambia?

Hakuna. Tovuti zinazotoa namba hizi hazijui kama kuna ndege, na hazina haja ya kujua. Zinachukua nukta mbili, kiwanja cha Mwanza na kiwanja cha Entebbe, zinapima mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, zinagawa kwa mwendo wa ndege ya jeti, kama kilomita 800 kwa saa, kisha zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. 282 kwa mwendo huo ni dakika 21. Ongeza 30.

Hizo hapo 51.

Hesabu ni sahihi na safari haipo. Hicho ndicho kilichonikera, kwamba siwezi hata kusema namba ni ya uongo.

Kwa hiyo nikafanya ninachofanya nikikosa usingizi: nikairuka mwenyewe kichwani. Tuseme ipo. Tuseme wametupa Airbus A220, ile jeti inayotupeleka Dar. Kwa umbali huu mdogo hiyo ni anasa ya bure. Jeti inahitaji kilomita nyingi ili ifike juu inakopenda, na inahitaji nyingine nyingi za kuteremka. Ndani ya kilomita 282 ikimaliza kupanda inaanza kushuka, na mhudumu hajafungua hata toroli la maji. Ndege ya mapanga, ATR au Dash 8, ndiyo ya kazi hii. Inakwenda kilomita 500 hadi 600 na kitu kwa saa, haipandi sana, na mwisho wa hesabu inafika kwenye muda uleule, saa moja kasoro.

Tunapaa. Kiwanja cha Mwanza kiko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa yako chini yake kwa mita chache tu. Ukerewe inabaki upande wa kulia, halafu Ukara. Baada ya hapo ni maji. Kwa muda mrefu ni maji tu. Kwenye nyuzi moja kusini unavuka mpaka wa nchi ambao chini hauonekani na samaki hawaujui. Visiwa vya Ssese vinajitokeza kushoto, unavuka ikweta, na kabla hujasema umeivuka magurudumu yanagusa lami, kwa sababu kiwanja cha Entebbe kiko kilomita kama tano tu kaskazini ya ikweta. Saa huhitaji kubadilisha. Ng'ambo ni ileile ya huku.

Kuna kitu kimoja ambacho tovuti haikukihesabu, nacho ni ziwa lenyewe. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya maji. Hewa yenye unyevu haina pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana radi za Ziwa Victoria zinapiga usiku wa manane mpaka alfajiri, wakati Mwanza mjini watu wamelala na nyota zinaonekana. Wavuvi wa dagaa wanazijua radi hizo kwa majina ya waliopotea nazo. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi inayokwenda kaskazini moja kwa moja inazikuta hazijatawanyika, na rubani atazunguka. Kwa hiyo weka dakika 60. Weka 70.

Hata 70, shangazi angeshukuru.

## Kituo cha mwisho: Mwanza

Katika kuchokonoa nikakutana na tarehe iliyonifanya niweke simu chini: 28 Februari 1931.

Siku hiyo shirika la Uingereza, Imperial Airways, lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika Mashariki. Ilipita Misri, ikashuka Sudan, na kwenye sehemu za Naili na maziwa zilitumika ndege za kutua majini, kwa kuwa maji yalikuwepo tayari na viwanja vilikuwa vya kutafutwa. Kituo cha mwisho hakikuwa Nairobi. Hakikuwa Dar es Salaam.

Kilikuwa Mwanza.

Miaka mitatu tu kabla ya hapo, 1928, ndiyo reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika mjini. Mji mdogo, mawe, pamba, bandari, na juu yake njia ya anga ya kwenda London.

Sitaki kuipamba habari hii. Haikudumu, njia ilipopelekwa hadi Cape Town mwaka 1932 ilipindia Nairobi. Na waliopanda hawakuwa babu zetu. Mfuko wa barua ulikuwa abiria muhimu kuliko Mwafrika yeyote wa Kirumba. Lakini kilichonishika ni uelekeo. Mwanza iliwahi kuwa mji ambao mlango wake wa mbele unatazama kaskazini, majini. Leo ukisema unasafiri kwa ndege, anayekusikia anajaza mwenyewe: Dar.

Meli nazo zilikuwa hivyo. MV Victoria, ambayo wengi wetu tunaijua kama meli ya Bukoba, ilipoanza kazi mwaka 1961 ilikuwa ikizunguka ziwa zima: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Shangazi anakumbuka mjomba wake akipanda Mwanza na kushuka Uganda kama mtu anayekwenda sokoni. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, East African Airways iliyokuwepo tangu 1946 ikavunjika nayo, mali zikagawanywa, na kila nchi ikavuta mashirika yake kuelekea mji wake mkuu. Mwaka uliofuata Amin akavamia Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na habari ya nani anakwenda Entebbe ikawa na maana nyingine kabisa.

Jumuiya ilirudi. Nyimbo, bendera, hati ya kusafiria, hata bunge kule Arusha. Njia za abiria za ziwani hazikurudi nayo.

## Basi la Nyegezi

Shangazi alikwenda kwa basi.

Aliwahi kwenda hivyohivyo zamani, enzi za kivuko cha Kigongo, na alichokuwa anakihofia ni foleni. Nikamkumbusha kwamba Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa tangu 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, dakika chache umevuka. Akasema ameliona kwenye televisheni, lakini televisheni ina mambo mengi. Akafunga vitu: ulezi uliosagwa na ambao haujasagwa, samli kwenye chupa ya soda, na dagaa.

"Shangazi, unapeleka dagaa Entebbe?"

"Kwani kuna ubaya?"

"Si wako ziwani kama sisi? Ziwa lenyewe ni hilihili."

"Wa kwao wanawaanika vibaya," alisema, na mjadala ukaisha.

Alikuwa hana pasipoti, kwa hiyo kwanza tulikwenda Uhamiaji kumtafutia hati ya dharura ya kusafiria. Picha, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, kusubiri. Niseme tu kwamba kama ndege ingekuwepo, hii shughuli ya karatasi isingepungua hata dakika moja.

Njia yenyewe mnaijua. Nyegezi, Kigongo, darajani, Busisi, Sengerema, Geita, kisha Biharamulo, Muleba, Bukoba, Kyaka, Mutukula. Upande wa pili Masaka, halafu Kampala, halafu unateremka tena kusini kama kilomita 40 kuifuata Entebbe. Ni zaidi ya kilomita 700 za kulizunguka ziwa. Aliondoka mchana. Usiku mnene akanipigia kutoka Mutukula kwa simu ya jirani yake wa kiti, ili tu nijue yuko hai. Miguu ilikuwa imevimba. Sauti ilikuwa nzuri.

"Baba," akasema, "hili basi limejaa watu wa Mwanza watupu."

Hapo ndipo jambo lilipogeuka kwangu, japo wakati ule nilijibu tu kwamba nashukuru amefika salama. Baadaye nilimdodosa: watu gani? Shangazi hukaa na mtu saa moja akajua ukoo wake mpaka kwa bibi. Kulikuwa na mama wawili wa nguo wanaokwenda Kikuubo, Kampala, kuchukua mzigo, na huenda kila mwezi. Kijana anayerudi chuoni Makerere. Mzee na mkewe waliokuwa wakienda msibani, na marehemu tayari alikuwa amezikwa. Wanakwenda kuhani tu. Mwanamke mmoja anapeleka dagaa kama yeye, ila wa biashara, kutoka Mwaloni Kirumba. Na waliooleana. Waliooleana ndio wengi. Mtu ana mkwe Masaka, mtu ana dada Kampala, mtu amezaliwa Bukoba, amesoma Uganda, ana duka Mwanza, na ukimuuliza kwao wapi anacheka kwanza.

Mzee wa msiba sijamsahau. Taarifa ilimfikia asubuhi, kule wanazika siku ya pili yake mchana. Angekuwa na zile dakika 51, angetupa udongo.

## "Hakuna abiria"

Nikamwendea wakala wa tiketi mjini, kijana tunayefahamiana. Nikamuuliza kwa nini hakuna ndege ya Mwanza kwenda Entebbe moja kwa moja.

"Kaka, hakuna abiria."

"Umejuaje?"

"Ningekuwa nawauzia."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. Kweli. Anaowauzia Entebbe ni wachache, watu wa miradi na watalii wawili watatu, wote kupitia Dar, na nauli analipa ofisi au mfadhili. Mama wa nguo hayumo. Mzee wa msiba hayumo. Shangazi ilikuwa aingie akaishia kwenye bei.

Nilitembea kurudi Nyamagana nikilitafuna jibu lile, maana lilikuwa limejifunga mkia na kichwa. Hakuna ndege kwa sababu hakuna abiria, na abiria hawaonekani kwa sababu hakuna ndege. Anayekwenda kwa basi anahesabiwa kuwa ni mtu wa basi. Hakuna mahali popote anapoandikwa kwamba alitaka kupita juu.

Linganisha na Kigongo. Foleni ya kivuko ilikuwa inaonekana. Malori, mabasi, gari za wagonjwa zinazokimbilia Bugando, wauza mahindi ya kuchoma waliojenga maisha kwenye subira za watu. Kiongozi alikuwa akifika pale naye anasubiri, jua linampiga, anaelewa bila kuandikiwa ripoti. Foleni ya Entebbe haina pa kusimama. Imetawanyika: kidogo iko Nyegezi, kidogo iko Bukoba, kidogo iko nyumbani imekaa, imeamua kutokwenda.

## Nikajipinga

Ila ngoja. Isiwe tunatetea kitu kwa kuwa ni chetu.

Mama wa nguo anaporudi ana marobota. Ndege gani itabeba marobota kwa nauli anayoiweza? Mwenye dagaa vilevile. Nauli ya safari fupi ya ndege haipungui kama kilomita zinavyopungua: mafuta mengi yanaungua wakati wa kupaa, ada za uwanja hazipimwi kwa kilomita, na matairi na injini huchakaa kwa idadi ya kupaa na kutua. Na kwa sababu Entebbe ni nje ya nchi, lazima uhamiaji, forodha na watu wa afya wawepo kiwanjani ndege ikitua, iwe imeleta watu sabini au saba. Nikimtoa mwenye mzigo, mwanafunzi asiye na hela, na anayekwenda mara moja kwa miaka mitatu kumwona mkwe, wanabaki wangapi?

Sijapata raha na swali hilo mpaka leo. Lakini nadhani linaulizwa kwa ndege isiyofaa. Dash 8 ina viti zaidi ya sabini, na kuijaza ni kazi. Cessna Caravan, zile ndege ndogo zinazobeba watu kumi na wawili hivi, inakwenda kama kilomita 340 kwa saa na ingefika ndani ya saa moja.

Tatizo la Caravan ni injini. Inayo moja. Ikizimika katikati ya ziwa, hata ukiwa mita 3,000 juu ya maji, inateleza kilomita kama thelathini au arobaini na si zaidi, na pale katikati nchi kavu iko karibu kilomita mia magharibi yako. Mimi nisingempandisha shangazi kwenye mstari ule. Nikapima njia nyingine: Mwanza hadi Bukoba kilomita kama 175, Bukoba hadi Entebbe kama 168. Jumla 343. Umeongeza kilomita 61 tu, sehemu kubwa unakuwa karibu na visiwa au pwani ya magharibi, na Bukoba unachukua abiria na kushusha. Bukoba, ambayo ina ndugu wengi Uganda kuliko sisi.

Kuitaja Bukoba na ndege kwenye sentensi moja si jambo jepesi huku kwetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani pale mbele ya kiwanja, watu 19 wakafa. Hali ya hewa ya ziwa, kiwanja kifupi, mambo yote niliyoyachora kwa kalamu yanaishia kuwa watu. Kwa hiyo sisemi ni rahisi. Nasema ni hesabu ambayo haijafanywa hadharani, na jibu la "hakuna abiria" si hesabu.

## Mahindi yanavuka

Halafu nikakumbuka MV Umoja.

Wanaofanya kazi bandari ya Mwanza Kusini watanicheka kwamba nimekawia kuikumbuka. Ni meli ya mabehewa. Ina reli juu ya sitaha. Treni inasukuma mabehewa mpaka ndani, 22 kwa wakati mmoja, tani 1,200 au karibu na hapo, meli inang'oa nanga, inavuka ziwa hadi Port Bell, na upande wa pili kichwa kingine cha treni kinayavuta. Mwaka 2018, baada ya kusimama muda mrefu, ilirudi kwenye njia hiyo ikiwa na shehena ya chakula cha msaada.

Mstari ule ule. Kusini hadi kaskazini, bila Dar, bila Nairobi, bila Mutukula.

Nilikwenda kukaa ufukweni kuitazama bandari kwa mbali. Mabehewa yamepangwa, vumbi la saruji, vijana wanacheza drafti kivulini kwa vizibo vya soda. Gunia la mahindi likifika hapa kutoka bara linapewa njia fupi. Mtu anaambiwa azunguke. Nikamuuliza mmoja wa wale vijana kama meli huchukua abiria wa Port Bell.

"Hii? Hii ya mizigo, bro. Labda uingie kwenye behewa." Akasogeza kizibo chake, akamla mwenzake watatu kwa mpigo.

Kwa mzigo mtu alikaa akahesabu. Tani ngapi zinatoka, zinakwenda wapi, kwa lori ni shilingi ngapi, kwa meli ni ngapi. Tani zina mwenyewe anayelalamika kwa barua yenye mhuri. Mzee wa msiba halalamiki kwa barua. Anakaa dirishani usiku kucha, anashuka Mutukula kugongewa muhuri, anapanda tena.

## Dirisha la Mutukula

Ila pale Mutukula anaulizwa.

Kituo ni cha pamoja, Watanzania na Waganda ndani ya jengo moja, na shangazi alinisimulia maswali aliyoulizwa dirishani. Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Kufanya nini? Utakaa siku ngapi? Alijibu yote kwa kirefu, pamoja na uzito wa mjukuu aliokuwa amepewa kwa simu, mpaka foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Afisa aliandika.

Kwa hiyo namba ipo. Mtu aliyeniambia hakuna abiria alikuwa anatazama kioo kisicho chake. Kila basi linalopita pale usiku linaacha watu wake kwenye kumbukumbu za uhamiaji, mmoja mmoja, alikotoka na anakokwenda, na hakuna mwenye ndege wala mwenye meli niliyesikia amekwenda kuziomba.

Ninachotaka kujua ni vitu vitatu. Kwa mwaka mmoja, ni wangapi walisema wanatoka Mwanza na wanakwenda Kampala au Entebbe. Kati yao, wangapi walirudi ndani ya siku nne, maana hao ndio wenye haraka na ndio wangelipa. Na wangapi walisema wanakwenda kwenye ugonjwa au msiba.

Kama kuna mtu anayesoma hapa, yuko Uhamiaji, mkoani, au kwenye sekretarieti ya Jumuiya kule Arusha, na ana ruhusa ya kutoa jumla hizo bila majina ya watu, aniandikie. Kazi ya kujumlisha nitaifanya mwenyewe, bure, na matokeo nitayaweka hapahapa hata yakionyesha kwamba yule kijana wa tiketi alikuwa sahihi.